Kukata Uvimbe wa Kifua na Kukijenga Upya: Hukumu Zake Katika Fiqhi

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Aliyemuumba mwanaadamu kwa umbile lililo bora, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa Tanga mjini, Pangani, Muheza, Mkinga na Korogwe wamekuwa wakituletea masuala ambayo zamani hayakuwa yakisikika katika darsa zetu. Mtu ameota uvimbe kifuani. Hospitali ya Bombo imempa rufaa, na huko aliko kwenda ameambiwa kuwa lazima akatwe mbavu kadhaa pamoja na uvimbe wenyewe, kisha pengo lizibwe kwa wavu, kwa chuma, au kwa nyama iliyotolewa mgongoni mwake. Anarudi nyumbani na maswali. Je, huko si kubadilisha maumbile ya Allah? Je, swala yake itasihi na kitu kigeni kimo mwilini? Je, akifa, atazikwa nacho? Na wa kumpa idhini ni nani, yeye mwenyewe au mumewe na wazee wake?

Maswali haya si ya kupuuzwa, kwani wapo waliokaa nyumbani miezi wakisubiri jibu, na uvimbe hausubiri. Basi tumeona ni wajibu tuyaeleze kwa utaratibu, tukitegemea vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii ambavyo ndivyo vinavyosomeshwa katika pwani hii, pamoja na maamuzi ya mabaraza ya fiqhi ya zama zetu.

KIFUA NI NINI, NA KWA NINI HUJENGWA UPYA

Wanavyuoni wa usuli wamesema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo tuanze na kufahamu.

Kifua cha mwanaadamu ni mfano wa kisanduku. Mbele upo mfupa wa kidari, nyuma upo uti wa mgongo, na pembeni zipo jozi 12 za mbavu. Kati ya mbavu imo misuli, na ndani yamo mapafu na moyo. Kisanduku hiki hakikuumbwa kwa ajili ya kulinda tu. Mtu anapovuta pumzi, mbavu hunyanyuka, nafasi ya ndani hupanuka, na hewa huingia mapafuni. Ukuta ukitobolewa, hewa ya nje huingia kwa njia isiyokuwa yake na pafu hunywea. Na mbavu nyingi zikiondolewa bila ya kuwekwa badala, sehemu ile hulegea, ikawa inaingia ndani pale inapotakiwa kutoka nje. Mgonjwa huchoka kupumua, makohozi humjaa, na huenda akafa kwa kushindwa kupumua hali uvimbe umekwisha kuondolewa.

Vimbe za ukuta wa kifua ni za namna mbili. Zipo zinazoanzia hapo hapo, katika mfupa, gegedu au msuli. Miongoni mwa hizo zilizo za saratani, inayojulikana zaidi kwa watu wazima ni saratani ya gegedu, na kwa watoto na vijana ipo saratani ya mifupa iitwayo Ewing. Na zipo zinazotoka kwengine zikafika hapo, kama saratani ya titi iliyorudi baada ya kukatwa, au saratani ya pafu iliyopenya hadi kwenye mbavu. Si kila uvimbe ni saratani, na ndiyo maana daktari huanza kwa kuchukua kipande kidogo akakipeleka maabara, na kupiga picha za kifua, kabla ya kuamua jambo.

Ikithibiti kuwa ni saratani inayofaa kukatwa, daktari hukata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama na mfupa ulio mzima kuuzunguka, ili asibakishe mizizi yake. Pengo likiwa dogo, kiasi cha chini ya sentimita 5, aghalabu hufunikwa kwa nyama na ngozi tu. Na likiwa nyuma, chini ya mfupa wa bega, hata likikaribia sentimita 10 huenda lisihitaji kitu kigumu, kwa sababu mfupa wa bega unalikinga. Ama likiwa kubwa zaidi ya hapo, hujengwa kwa tabaka mbili. Ya kwanza ni ya kushupaza: wavu wa polipropilini, au wavu huo uliotiwa simenti ya akriliki katikati kama andazi lililotiwa nyama, au vipande vya titaniamu vinavyofungwa kwenye mbavu zilizobaki. Ya pili ni ya kufunika: msuli mpana wa mgongo, au msuli mkubwa wa kifua, au msuli wa tumbo, au utando wa mafuta wa tumboni, ambao huzungushwa pamoja na mishipa yake ya damu ukaletwa kufunika pengo.

Kazi hii inahitaji daktari bingwa wa kifua, bingwa wa kurekebisha maumbile, mtaalamu wa usingizi, na chumba cha wagonjwa mahututi. Ndiyo maana haifanywi katika kila hospitali, na mgonjwa wa Tanga husafiri zaidi ya kilomita 300, ama kwenda KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, ama Muhimbili na Ocean Road za Dar es Salaam. Ocean Road ni jengo la hospitali la enzi za Wajerumani, na tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani.

JE, YAJUZU KUKATA?

Asili ya mwili wa mwanaadamu ni kuheshimiwa. Allah (S.W.) ameeleza katika Suratul Israa (17:70) kuwa Amewatukuza wanaadamu, na katika Suratul Baqara (2:195) Amekataza watu wasijitie katika maangamizo kwa mikono yao. Basi haijuzu kukata sehemu ya mwili ila kwa sababu inayokubalika kisheria.

Na kujitibu ni katika sababu hizo. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik kuwa mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akiwaeleza kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na amepokea Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, akamkata mshipa kisha akamchoma mahali hapo. Huu ni ushahidi wa wazi kuwa tiba ya kisu ilikuwepo zama za Mtume, na kwa amri yake.

Katika historia ya Tabiina kuna kisa mashuhuri cha Urwa bin Zubeir, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Madina. Alipatwa na maradhi ya kula nyama mguuni alipokuwa Sham kwa Khalifa Al-Walid bin Abdulmalik. Akakubali kukatwa mguu ili maradhi yasipande mwilini. Hakuna mwanachuoni aliyemlaumu kwa hilo. Na Izzuddin bin Abdissalam katika kitabu chake Qawaidul Ahkam ameuchukua mfano wa mkono uliooza, unaokatwa ili kuihifadhi roho, kuwa ni dalili ya namna sharia inavyoacha maslaha madogo ili kuyapata makubwa.

Lakini suala letu la uvimbe lina andiko lake mahsusi, na wanafunzi wengi hulipita bila ya kulitua. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia), katika Minhaj, mlango wa Siyal, amezungumzia kukata sil'a, nayo ni uvimbe unaoota baina ya ngozi na nyama. Muhtasari wa aliyoyataja ni kuwa mtu mwenye mamlaka juu ya nafsi yake anajuzu kuukata, isipokuwa katika hali mbili: uvimbe ambao kuukata kunahofiwa hali kuuacha hakuna hatari, na uvimbe ambao hatari ya kuukata ni kubwa kuliko hatari ya kuuacha. Ama mtoto na mwendawazimu, baba na babu wanajuzu kumkatia pamoja na hatari iliyopo, iwapo hatari ya kuuacha imezidi.

Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo. Imamu hakusema kukata ni halali moja kwa moja wala ni haramu moja kwa moja. Ameweka mizani yenye makanda mawili, kwenye kanda moja hatari ya kisu na kwenye la pili hatari ya kuacha. Mizani ndiyo hukumu, nayo haibadiliki. Kinachobadilika ni uzito wa vinavyowekwa ndani yake, na anayeujua uzito huo ni tabibu mwenye ujuzi na uaminifu.

Zamani kanda la kisu lilikuwa zito mno. Tabibu mkubwa wa Andalus, Abul Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, ameeleza katika At-Tasrif kuwa saratani ikiwa ndogo na ipo mahali panapofikika, kama kwenye titi au paja, huenda ikakatwa yote. Ama ikishakuwa kubwa na kongwe, hakupata kumponya mgonjwa wake hata mmoja, wala hakumuona mwengine aliyefanikiwa. Huo ulikuwa ukweli wa wakati wake. Na kuufungua ukuta wa kifua kulikuwa ni kumuua mtu, kwa sababu pafu linanywea na hakuna namna ya kulijaza hewa. Lau muulizaji angelikwenda kwa Imam Nawawi na suala la kukata mbavu nne, kwa mizani yake mwenyewe jibu lingekuwa haijuzu.

Mambo yakaja kubadilika. Mwaka 1904 tabibu wa Kijerumani Sauerbruch alionyesha njia ya kufungua kifua bila ya pafu kunywea, kwa kutumia chumba maalumu cha kupunguza msukumo wa hewa. Baadaye ikaja njia nyepesi zaidi ya kupeleka hewa mapafuni kwa mrija unaopitishwa kooni, nayo ndiyo inayotumika hadi leo. Na katika miaka hiyo hiyo, Mtaliano Tansini alieleza jinsi ya kuuzungusha msuli wa mgongo kufunika jeraha la kifua. Baadaye zikaja nyavu, simenti na titaniamu. Kwa kila hatua kanda la kisu likapungua uzito.

Kutokana na hayo tunasema: mgonjwa ambaye mabingwa wamemthibitishia kuwa uvimbe wake utamuua ukiachwa, na kuwa kwa dhana yenye nguvu kukatwa kutamfaa, inajuzu kwake kukatwa bila ya shaka. Bali huenda ikawa ni wajibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika uamuzi wake nambari 67 wa mwaka 1992, limeamua kuwa kujitibu ni wajibu iwapo kuacha kutapelekea kuangamia nafsi, au kupotea kiungo, au kupooza, au maradhi kuwaambukiza wengine.

Na upande wa pili wa mizani usisahauliwe. Saratani ikishaenea kwenye ini, mifupa na ubongo, na mabingwa wakasema kuwa kisu hakitazidisha ila maumivu, basi kukata kifua kwa tamaa tupu kunaingia katika lile alilolizuia Imamu. Hapo tiba ni ya kupunguza maumivu na kumstahi mgonjwa, nayo ni tiba yenye ujira kwa anayeitoa. Hata hivyo, ikiwa uvimbe umepasuka, unatoa usaha na harufu hadi mgonjwa anajitenga na watu na msikiti, na mabingwa wakaona kuwa anaweza kukatwa kwa salama ili apate nafuu ya siku zilizobaki, hilo nalo ni maslaha yanayozingatiwa.

KUJENGA UPYA NI KUBADILISHA MAUMBILE?

Wanaoshuku hutegemea aya ya Suratun Nisaa (4:119), ambamo shetani ameahidi kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah, na hadithi ya Ibn Masud iliyomo katika Bukhari na Muslim ya kulaaniwa wanaochanja na wanaotenganisha meno. Hoja hizi ni sahihi, lakini zimewekwa si mahali pake. Katika hadithi yenyewe limetajwa sharti la kufanya hivyo kwa ajili ya uzuri. Imam Nawawi katika sherhe ya Muslim amebainisha kuwa kilichoharamishwa ni kinachofanywa kutafuta uzuri, ama kinachohitajiwa kwa tiba au kuondoa aibu ya jino na mfano wake hakina ubaya.

Na dalili iliyo karibu kabisa na suala letu ni hadithi ya Arfaja bin As'ad, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Swahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Akajifanyia pua ya fedha, nayo ikamnukia vibaya. Mtume (S.A.W.) akamuamrisha ajifanyie pua ya dhahabu. Hapa tunapata mafunzo matatu. Kwanza, kurejesha kiungo kilichopotea si kubadilisha maumbile, bali ni kuyarudisha. Pili, kitu kigeni chajuzu kuwekwa mwilini. Tatu, dhahabu ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume imehalalishwa kwa haja hii. Ikiwa hivyo ndivyo kwa pua, ambayo mtu anaweza kuishi bila ya umbo lake, basi vipi kwa ukuta wa kifua ambao bila yake pumzi haikamiliki?

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Tumeona kuwa kukata kumehalalika kwa sababu hatari yake imepungua, na moja ya yaliyoipunguza ni huku kujenga upya. Basi kujenga si pambo linaloongezwa baada ya tiba. Ni sehemu ya tiba, na pale pengo linapokuwa kubwa, kukata bila ya kujenga ndiko kutakakorudi kuwa haramu. Kwa kanuni ya usuli, kisichotimia wajibu ila kwacho nacho huwa wajibu.

Mabaraza ya fiqhi nayo yameshasema. Uamuzi nambari 26 wa Baraza la Jeddah wa mwaka 1988 umejuzisha kuhamisha kiungo kutoka mahali kwenda pengine katika mwili wa mtu yule yule, iwapo manufaa yanatarajiwa kuzidi madhara, na lengo likawa ni kupata kiungo kilichopotea, kurejesha umbo au kazi yake, au kuondoa kasoro inayomuudhi mtu mwilini au nafsini. Na uamuzi nambari 173, uliotolewa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, umetaja waziwazi kuwa inajuzu kulijenga upya titi lililoondolewa. Kwa hiyo mwanamke aliyekatwa titi na ukuta wa kifua chake, akataka kurejeshewa umbo, asiambiwe kuwa anafuata matamanio.

VIFAA NA TOHARA YAKE

Nyama, mfupa na ngozi ya mgonjwa mwenyewe ni tohara kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kwani maiti ya mwanaadamu ni tohara, na kilichotengwa naye akiwa hai hufuata hukumu hiyo. Wavu wa polipropilini, simenti ya akriliki na titaniamu si vitu najisi, wala si dhahabu wala hariri. Havina tatizo.

Tatizo lipo katika aina moja. Kuna tando zinazotengenezwa kwa ngozi au viungo vya wanyama, zikasafishwa seli zake zote. Nyengine ni za ng'ombe na nyengine ni za nguruwe. Ya nguruwe kwetu ni najisi nzito, wala ngozi yake haitohariki kwa kudibaghiwa. Wapo wanavyuoni, hasa wa Hanafi, wanaokubali kuwa kitu kikigeuka dhati yake hutoka katika unajisi, lakini katika Shafii mlango huo ni mwembamba.

Jibu tunalipata katika Minhaj hiyo hiyo, katika masharti ya swala, kwenye suala la aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi. Akifanya hivyo kwa kukosa kilicho tohara, basi ana udhuru. Akifanya hali kilicho tohara kipo, anawajibika kukiondoa iwapo hahofii madhara ya dhahiri. Na akifa, kwa kauli sahihi hakiondolewi. Kwa hiyo mgonjwa amuulize daktari mapema utando umetokana na nini, na aombe badala yake ikiwepo. Isipopatikana na haja ikawa kubwa, atawekewa na ana udhuru. Na aliyekwisha kuwekewa bila ya kujua asihangaike kurudi kwenye kisu, kwani kukifungua kifua upya ni madhara ya dhahiri. Swala yake inasihi, na atazikwa kama alivyo. Kadhalika anayezikwa na titaniamu au wavu hachimbuliwi mwili kuvitoa.

STARA NA IDHINI

Kifua cha mwanamke ni uchi mbele ya mwanamume asiyekuwa maharimu yake, na haja ya tiba huuhalalisha kwa kadiri yake. Uamuzi nambari 81 wa Baraza la Jeddah wa mwaka 1993 umepanga hivi: aanze tabibu mwanamke Muislamu, asipopatikana basi mwanamke asiyekuwa Muislamu aliye mwaminifu, kisha mwanamume Muislamu, kisha mwanamume asiyekuwa Muislamu. Kisifunuliwe zaidi ya kinachohitajika, na awepo maharimu, mume au mwanamke mwaminifu ili isitokee faragha. Lakini utaratibu huu ni kwa anayeweza kuchagua. Mabingwa wa kifua katika nchi yetu ni wachache, na kumfanya mgonjwa asubiri bingwa wa kike hali uvimbe unakua ni kukiweka chini kilicho kikubwa kwa ajili ya kilicho kidogo.

Ama idhini, Imam Nawawi ametumia neno mustaqill, yaani mwenye kujitegemea katika amri ya nafsi yake: baleghe mwenye akili, mwanamume au mwanamke. Mwanamke mtu mzima hujitolea idhini mwenyewe. Mume na wazee hushauriwa, na mashauriano ni katika adabu njema za watu wetu, lakini hawana milki juu ya mwili wake hata wamzuie na tiba itakayomuokoa. Na walii wa mtoto amepewa mamlaka kwa maslaha ya mtoto. Uamuzi nambari 67 uliokwisha tajwa umesema kuwa walii akikataa na kukataa kwake kukawa ni madhara ya wazi kwa aliye chini yake, kauli yake haizingatiwi, na haki hiyo huhamia kwa walii mwengine kisha kwa mwenye mamlaka.

Naye tabibu ana hukumu yake. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kuwa anayetibu hali hajulikani kwa utabibu ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Ama bingwa anayejulikana, aliyepewa idhini na akafuata misingi ya fani yake, hadhamini, hata mgonjwa akifariki. Hadithi hii iwe onyo kwa wanaopasua, kuchanja na kupaka dawa vimbe za watu majumbani bila ya elimu.

IBADA ZA MGONJWA

Kwanza, kifua si kiungo cha udhu. Bendeji ya kifuani haimzuii mtu kutawadha kama kawaida. Inahusika katika josho tu. Akipata janaba, au mwanamke akitoharika na hedhi, ataosha sehemu iliyo nzima, atapangusa maji juu ya bendeji, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Katika josho hakuna tartibu, aanze na lolote. Na kwa kuwa bendeji haipo usoni wala mikononi, halipi swala ikiwa iliwekwa hali ana tohara na haikufunika sehemu nzima zaidi ya inayohitajika kuishikilia. Lililo jepesi ni mgonjwa kuoga kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Pili, damu inayotoka kifuani kwa mrija haitengui udhu katika madhehebu yetu, kwani haikutoka katika njia mbili.

Tatu, atasimama akiweza. Asipoweza atakaa, na asipoweza ataswali kwa ubavu, kama alivyofundishwa Imran bin Husein katika hadithi ya Bukhari. Akikatazwa kuinama, rukuu na sijida atazifanya kwa ishara, sijida iwe chini zaidi. Na kukusanya swala kwa maradhi, ingawa si kauli mashuhuri ya Shafii, Imam Nawawi ameiona kuwa ni yenye nguvu kwa dalili. Mgonjwa wa mashine na sindano ana haki ya kuichukua.

Nne, mbavu na nyama zilizokatwa ni sunna kuzikwa, bila ya kuoshwa wala kuswaliwa. Kupelekwa maabara kwanza kwa uchunguzi hakuna ubaya, kwani ndiko kunakoonyesha kama saratani imemalizika.

KWA MAIMAMU NA WALIMU

Wazee wetu wa Tanga waliiteremsha fiqhi kwa watu kwa lugha yao. Sheikh Ali bin Hemedi Al-Buhriy aliandika juu ya mirathi na nikahi kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida ajue haki yake bila ya kusubiri mfasiri. Leo mirathi ya mwili, yaani afya, nayo inahitaji kufafanuliwa hivyo hivyo.

Mtu mwenye uvimbe aghalabu hupita kwa mwalimu wa chuo kabla ya kupita kwa daktari. Huomba kombe, huomba kusomewa. Tumsomee, kwani ruqya ni sunna, lakini tusimuweke. Kisomo na hospitali havigombani, na aliyetuamrisha dua ndiye aliyetuamrisha dawa. Mizani ya Imam Nawawi inatutisha hapa. Uvimbe uliokuja ukiwa mdogo, hatari ya kuuacha ni kubwa na hatari ya kuukata ni ndogo, na hukumu yake ni jaizi au wajibu. Mgonjwa huyo huyo akicheleweshwa mwaka mmoja kwa maneno yetu, makanda hugeuka, na lile lililokuwa wajibu huwa haliwezekani tena. Hivyo neno la kumwambia mtu angoje nalo ni fatwa, na mwenye kutoa fatwa bila ya elimu ataulizwa.

Pia kuna gharama. Safari ya Moshi au Dar es Salaam, malazi ya msaidizi, vipimo na vifaa si vya kila mkulima wa Muheza au mvuvi wa Pangani. Fakiri na maskini ni wa mwanzo kutajwa katika aya ya Zaka (9:60), na mgonjwa asiyekuwa na kitu ni miongoni mwao. Aliyekopa kwa ajili ya tiba naye anaingia kwa wenye madeni. Misikiti yetu inaweza kuwa na mfuko mdogo wa rufaa, na Zaka isiishie katika kugawa nguo mwezi wa Ramadhani.

Allah (S.W.) ameeleza katika Suratul Maida (5:32) kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Tunamuomba Awaponye wagonjwa wetu, Awape nguvu matabibu wetu, Awarehemu waliotangulia kwa maradhi haya, na Atujaalie katika wanaosema kwa elimu na kunyamaza kwa elimu. Amin.

Wallahu a'lam.